Wimbo wa Pochi ya Manang Choleng

Ukitaka kufanya sherehe Molo, mtaa wa mabaharia, bila kumshirikisha Dada Mkubwa, yaani Manang Choleng, uridhike na wageni wanaokula, wakanawa mikono, wakaondoka. Yeye ndiye mwenye mashine za karaoke za kukodisha: moja kubwa yenye taa za rangi, na moja ndogo ambayo huzimika mtu akipaza sauti kupita kiasi. Iwe ubatizo, iwe mahafali, iwe baharia karudi nyumbani baada ya miezi kadhaa majini, lazima mtu atumwe kwake kuuliza kama ile kubwa ipo. Na mwenyewe kuimba hakumwishi mdomoni. Anaimba akifagia, anaimba akikaanga samaki, anaimba akisubiri zamu yake kwa fundi wa viatu. Wifi yake, Purita, husema hata padri humngoja amalize ndipo aendelee na misa, ila Purita naye ni mtu wa kutia chumvi.

Siku moja alikuja Kaka Mkubwa Delfin, Manong Delfin kwa kila mtu, mpishi wa meli aliyestaafu, kukodi ile kubwa kwa ajili ya ubatizo wa mjukuu wake. Walipokwisha kukubaliana siku na saa, akauliza, kwa neno la kumwita binti wa kwao, "Inday, hivi unapokea bitcoin?"

"Napokea peso. Na kuku, kama amenenepa."

"Nauliza kweli."

"Na mimi nimekujibu kweli."

Delfin akacheka, akalipa peso. Lakini swali lile lilimganda Choleng kichwani. Neno hilo alishalisikia redioni, alishalisikia kwa vijana wa jirani waliokuwa wakicheza michezo ya simu na kudai wanalipwa, alishalisikia hata kwa muuza barafu. Kila mtu alilitaja kama mtu anayejua anachokisema. Choleng akaanza kushuku kwamba mtaa mzima umeshaingia ndani na yeye peke yake ndiye kaachwa barazani. Alipokwenda kuichukua mashine baada ya ubatizo, akaona bora aulize.

"Hiyo bitcoin moja bei gani?"

Delfin akamtajia.

Choleng akaanza kukunja nyaya zake. "Haya, kwaheri. Hiyo ni nyumba, na kiwanja chake, na mbwa wa kulinda."

"Kwani nani kakwambia ununue nzima? Shampuu unanunua pipa?"

"Nanunua pakiti."

"Basi na hii inauzwa pakiti. Hata ya peso hamsini utapata. Kitakuwa kipande kidogo sana, lakini ni chako."

Hapo Choleng akaziacha nyaya. Mambo ya pakiti aliyajua tangu utotoni. Mafuta ya kupikia, siki, dawa ya kikohozi, vyote alinunua kidogokidogo kwa kadiri ya siku. Akakaa kwenye kiti cha plastiki, akasema, "Nifundishe."

Delfin alimfundisha, lakini kwanza alimbana. Hela atakayoweka iwe ile ambayo ikipotea yote, bado wali utapikwa. Akitumiwa ujumbe na mtu asiyemjua anayeahidi kumzidishia, aufute bila kujibu, hata kama picha ya mtu huyo inavutia. Na asimwamini mtu kwa sababu tu anazungumza vizuri.

"Hata wewe?"

"Mimi hasa. Unajua mimi niliwahi kununua sarafu gani? Moja iliyosifiwa na kijana mwenye gari jekundu. Nilinunua tukiwa Singapore. Kabla meli haijafika Rotterdam sarafu ilikuwa imeshakufa, na yule kijana kabadilisha namba."

Usajili walifanyia jikoni kwa Choleng, Purita akiwa amesimama nyuma yao na sahani ya ndizi za kukaanga. Programu ya simu ya kununulia bitcoin ilitaka kitambulisho, ikakipata. Ikataka picha ya uso wa mwenye simu, uso mtulivu usio na tabasamu. Hapo ndipo kazi ilipoanza, kwa maana Choleng akiona kamera meno yanatoka yenyewe. Wakajaribu mara ya kwanza, ikakataa. Wakajaribu tena, ikakataa tena.

"Wifi," Purita akasema, "fikiria mtu kaimwagia bia ile mashine kubwa."

Uso wa Choleng ukaanguka papo hapo, na programu ikaupokea.

"Umeona? Bila mimi usingetajirika," Purita akasema, akitafuna. "Ila mimi hela nisiyoweza kuishika siitaki. Tayari nina mume wa namna hiyo, kaka yako, kila siku naambiwa yupo baharini."

Choleng alinunua kipande cha thamani ya ukodishaji mmoja wa ile mashine ndogo. Kwa siku kadhaa hakutulia. Akiamka, anafungua simu. Akigeuza samaki, anafungua simu. Asubuhi moja akampigia Delfin, na safari hii sauti haikuwa ya kuimba.

"Manong, imepungua. Nani kaichukua?"

"Hakuna aliyeichukua. Angalia kipande chako, namba ile ndefu. Imebadilika?"

Choleng akaangalia. "Ile iko vilevile."

"Kilichoshuka ni bei. Unaikumbuka Krismasi ile kitunguu kilipokuwa ghali kuliko nyama? Waliokuwa na vitunguu ndani walijiona wafalme. Mwaka mpya ukaingia, bei ikaanguka. Vitunguu viliibiwa?"

"Vilioza tu."

"Basi hii haiozi. Lakini kupanda itapanda na kushuka itashuka, na wewe ukiifuata hivyo kila saa utapata presha. Funga simu, ukakodishe mashine."

Akafunga simu. Tangu hapo akawa ananunua kipande kidogo kila wikendi, bei ikiwa juu, bei ikiwa chini. Kuna wakati ilipanda kwa kishindo, naye akataka kutia hela ya mabati ya paa. Delfin akamwuliza tu kama mvua za mwaka huu zimefutwa. Choleng akanunua mabati.

Baada ya miezi michache, kipande kilipokuwa kimenenepa kidogo, Delfin akamwambia amefikia hatua ya kukitoa kwenye kampuni alikonunulia na kukiweka kwenye pochi yake mwenyewe, programu nyingine ambayo haina meneja wala ofisi. Pochi hiyo ilipofunguliwa ikatoa maneno kumi na mawili, mepesi kama ya kitabu cha chekechea, kwa mpangilio maalumu.

"Simu ikipotea, maneno haya ndiyo yatakurudishia hela," Delfin akasema, kisha akampa mgongo na kutazama nje. "Na mtu mwingine akiyapata, hela ni zake. Usiyapige picha, usiyatume kwa mtu, usimwambie yeyote. Mimi nisiyaone kabisa. Yaandike, uyafiche."

Choleng aliyaandika kwenye karatasi, akaitia kwenye pipa la mchele. Kesho yake akakumbuka kwamba Purita huja kuazima mchele bila kubisha hodi. Akaihamishia chini ya sanamu ya Mtoto Yesu, akaona si heshima. Akaihamishia ndani ya spika mbovu, na siku ya tatu fundi akaja kuulizia spika mbovu. Mwishowe akachoka. Akaichoma ile karatasi kwenye jiko, akaamua kuyaweka maneno mahali ambapo hakuna kilichowahi kumpotea, yaani kwenye wimbo.

Haikumchukua muda. Maneno yenyewe yalipangika kama yaliyotungwa:

*Mjomba, daraja, kijiko, mvua,*
*simba, mwavuli, asali, pua,*
*harusi, kisima, mlango, jua.*

Akayapa mdundo wa kuruka, na pale kwenye "pua" akaweka mkwaruzo mdogo wa koo. Aliuimba akipangusa maikrofoni, akauimba akianika nguo. Delfin alisema asimwambie mtu, na yeye hakumwambia mtu. Aliimba tu.

Purita aliudaka siku hiyohiyo. Purita huuza ndizi za sukari za kijitini mbele ya lango la shule ya msingi, na mikono ikiwa na kazi, mdomo hutafuta ya kwake. Watoto wakaudaka kutoka kwa Purita. Wiki iliyofuata wasichana walikuwa wakirukia kamba kwa wimbo ule, na madereva wa baiskeli za miguu mitatu waliupiga mluzi wakingoja abiria uwanjani mbele ya kanisa. Choleng alipowasikia mara ya kwanza alitaka kuwanyamazisha. Kisha akajituliza. Nani atajua kwamba ni maneno ya pochi? Kwao ni wimbo. Na akiusema ukweli wa roho yake, alifurahi mno. Kwa miaka yote ya kukodisha nyimbo za watu, huu ulikuwa wa kwanza wake kuimbwa na mtaa.

Ikafika siku ya kuzaliwa ya Manong Delfin. Nguruwe mzima alikuwa amechomwa tangu alfajiri, supu ya maandazi ya nyama inachemka kwenye sufuria mbili, na mashine kubwa imewekwa chini ya turubai uani. Baada ya chakula cha mchana watu walikuwa wameshaimba nyimbo zote za mapenzi walizozijua. Mwimbaji mmoja akachelewa kuchagua namba yake, na Purita akaona nafasi. Akainyakua maikrofoni.

"Mnaonaje tuimbe ule wetu?"

Akaanza. *Mjomba, daraja.* Uwanja mzima ukaitikia. Mabaharia waliostaafu waligonga meza, wanawake walifungua miavuli ya kufikirika walipofika kwenye "mwavuli", na kwenye "pua" kila mtu akajishika pua. Mjukuu mkubwa wa Delfin alikuwa juu ya kiti na simu mkononi. "Babu," akapaza sauti, "tuko laivu, watu mia tatu wanatutazama."

Delfin alikuwa mezani akikata ngozi ya nguruwe. Raundi ya kwanza alitabasamu. Raundi ya pili midomo yake ilikuwa ikihesabu. Raundi ya tatu kisu kikasimama. Akageuka taratibu kumtazama Choleng, aliyekuwa karibu naye na sahani.

"Inday, wimbo huu nani kautunga?"

"Mimi," Choleng akasema, na sauti ilikuwa na fahari.

"Una maneno mangapi?"

Choleng akaiweka sahani mezani.

"Inday."

"Kumi na mawili."

"Yale?"

"Yale yale. Kwa mpangilio wake."

Delfin akaweka kisu chini kama anayeweka yai. "Nani anajua kwamba ni ya pochi?"

"Hakuna. Wewe, sasa hivi."

"Na wimbo wenyewe nani anaujua?"

Choleng akautazama uwanja uliojaa. "Hawa," akasema. "Na shule ya msingi."

"Na watu mia tatu wa laivu. Inday, kuna watu duniani kazi yao ni kusikiliza maneno kumi na mawili tu. Twende jikoni."

Wakaingia jikoni, Delfin akarudisha mlango. Mikono ya Choleng ilikuwa na mafuta, akainawa kwa sabuni ya vyombo. Delfin hakuigusa simu yake hata kidogo. Alisimama upande wa pili wa meza akaelekeza, kwa sauti ileile aliyoitumia pengine kuwaelekeza wasaidizi wake meli ikiyumba.

"Fungua pochi mpya. Sasa itakupa maneno mapya. Mimi nageukia ukuta. Andika."

"Kwenye nini?"

"Kwenye chochote."

Alichana pembe ya boksi la keki, akaandika, akakunja, akaisukuma kifuani ndani ya blauzi.

"Umeandika? Yasome tena kimoyomoyo. Kimoyomoyo, Inday, nakusikia."

"Nimesoma."

"Nakili anwani ya pochi mpya. Rudi kwenye ya zamani, ibandike. Linganisha herufi nne za mwanzo na nne za mwisho. Ukikosea herufi hakuna ofisi ya kwenda kulia."

Choleng akalinganisha, akalinganisha tena. Kwa mara ya kwanza tangu anunue kile kipande cha kwanza aliona kwa nini Delfin alimwambia kwamba pochi haina meneja. Hapa alikuwa yeye na kidole chake.

"Tuma kidogo kwanza. Kama yale matone unayoonja kabla ya kupakua."

Akatuma. Hakikwenda. Kuta za jikoni lile zilikuwa nene na mtandao ulikuwa unapita juu ya nyumba bila kuingia. Choleng akapanda kwenye kigoda, akautoa mkono nje ya dirisha la juu ya sinki, simu ikielekea mbinguni. Nje walikuwa wamefika kwenye *harusi, kisima*. Kijana mmoja akafungua mlango kutaka barafu, akapewa, akaondoka akitazama nyuma. Kisha mlango ukafunguliwa tena, na safari hii alikuwa Purita.

Purita alimwona Manong Delfin, mwenye sherehe, amesimama kaelekea ukutani. Akamwona wifi yake juu ya kigoda, mkono dirishani, uso mwekundu, pembe ya karatasi inachungulia kwenye blauzi.

"Wifi, hicho kifuani ni nini?"

"Barua," Choleng akasema, kwa kuwa ndilo neno lililokuja.

"Ya nani?"

Delfin, akiwa bado ameutazama ukuta, akasema, "Yangu."

Purita akafungua mdomo, akaufunga. Kwa jinsi Choleng alivyomjua, hilo lilikuwa halijawahi kutokea. Kisha akarudi nyuma hatua moja moja, akaufunga mlango kwa upole wa muuguzi, na wakasikia ndara zake zikikimbia kuelekea uani.

"Manong, unajua ulichofanya?"

"Nimekununulia dakika kumi. Imefika?"

Choleng akaivuta simu ndani. Kile kidogo kilikuwa kimefika kwenye pochi mpya, kinangʼaa. Akatuma kilichobaki, na kwa haraka yake hakubonyeza "vyote", akaandika namba kwa mkono, hivyo makombo kidogo yakabaki nyuma. Delfin akasema yaachwe, muda ni muhimu kuliko makombo. Akapanda tena kigodani. Uani wimbo ulikuwa umekatika, na mashine ikaanza kupiga wimbo wa mapenzi wa zamani, ule ambao watu wa Molo huwaimbia maharusi.

"Imefika," Choleng akasema. Akashuka, akakaa kwenye kigoda kilekile. Alitaka kulia, akajikuta anacheka, cheko lililoanzia tumboni likamtikisa mabega. Delfin akageuka kutoka ukutani, akamtazama, akaanza naye. Walipotoka nje kwa pamoja, macho yana machozi na nyuso zimeiva, uwanja mzima ulisimama ukawapigia makofi.

Siku mbili baadaye, Delfin akaja na maembe ya kisiwa cha Guimaras kwenye mfuko. Wakaifungua ile pochi ya zamani kuangalia makombo. Hayakuwepo. Yalikuwa yameondoka usiku uliopita kwenda kwenye anwani wasiyoijua.

Choleng akaisogeza simu karibu na macho. "Kwa hiyo kweli alikuwepo mtu."

"Alikuwepo. Kaisikiliza video, kakaa, kaandika maneno, kafungua pochi."

"Na kapata kiasi gani?"

Delfin akapiga hesabu. "Bei ya yai moja."

"La kuku au la bata?"

"La kuku. Dogo."

Kwa Purita ilibidi aseme ukweli, maana Purita alikuwa ameshaanza kuulizia bei ya kitambaa cha sare ya harusi. Choleng alimweleza yote, tangu karatasi ya pipa la mchele mpaka yai. Purita alisikiliza bila kugusa ndizi zake, mpaka sukari ikaanza kuungua kwenye karai.

"Yaani mimi ndiye niliyemwimbia mwizi? Kwa maikrofoni?"

"Kwa maikrofoni yangu, tena."

"Na mtikisiko wa kiuno nikaweka." Purita akazima moto. Kisha akauliza jambo lililomuuma zaidi. "Kwa hiyo barua haipo?"

"Haipo."

"Wifi, nimeshawaambia Molo nzima. Nimeshamwambia kaka yako, na meli nzima inajua. Sasa mimi nitaonekana mwongo?"

Wakakubaliana kwamba Purita asionekane mwongo kwa sasa. Malipo yake yalikuwa afundishwe, kwa sababu kitu ambacho mtu wa ngʼambo anaamka usiku kukiiba, Purita alisema, hakiwezi kuwa hewa tupu. Alinunua kipande chake cha kwanza jioni ileile, cha bei ya ndizi za siku moja, akalalamika kwamba hakina harufu wala uzito, kisha akauliza kama kitakuwa kimepanda kufikia kesho.

"Huenda kikashuka," Choleng akamwambia.

"Kikishuka?"

"Utauza ndizi kama kawaida. Na simu usiifungue kila saa, itakupa presha."

Jumapili, baada ya misa ya asubuhi, Delfin alimkuta Choleng kwenye ngazi za kanisa. Watu walikuwa wakiwasalimu wote wawili kwa pamoja, kwa lile tabasamu ambalo watu humpa mtu wanayejua habari zake. Delfin alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi kwa uangalifu mkubwa.

"Inday, ukitaka niwaambie watu ukweli, nitawaambia."

Choleng alifikiri. "Ukiwaambia kwamba hakukuwa na barua, watauliza ilikuwa karatasi gani."

"Watauliza."

"Na itabidi tuwaeleze mambo ya pochi."

"Na mambo ya pochi hayasemwi."

"Hayasemwi kabisa," Choleng akakubali.

Kisha Delfin akasema kuna mahali mtaa wa La Paz wanapika tambi za supu vizuri, na kwamba saa hizi huwa hapana foleni. Choleng akafungua mwavuli wake kwa sababu jua lilikuwa limeshapanda, akausogeza upande ili wawili watoshe, wakaenda kutafuta usafiri.